Kupesti kodi ya Python: shelli ya kawaida, IDLE, IPython au Jupyter?

"Kodi ni ile ile, mbona kwake imekubali na kwangu imegoma?" Swali hili halikosi popote vijana wanapojifunza lugha ya kompyuta ya Python kwa kukopiana, na hapa Kigoma wengi tunajifunza hivyo. Mmoja ana bando, anapakua somo, halafu kodi inasambaa kwa WhatsApp kutoka Mwanga hadi Ujiji na hata Kasulu. Kila mtu anaipesti kwenye alichonacho. Wa kwanza anapata jibu, wa pili anapata IndentationError (kosa la nafasi za mwanzo wa mstari), wa tatu anapata neno None (yaani hakuna kitu) na kudhani ndilo jibu lenyewe. Huyu wa tatu ndiye wa kuonewa huruma kuliko wote, na nitaeleza kwa nini.

Mara nyingi kodi haina kosa. Kosa liko kwenye dirisha ulilopestia. Python ina madirisha mengi ya kuzungumza nayo moja kwa moja, unaandika mstari inajibu hapo hapo, na kila dirisha lina tabia yake linapopokea kitu kilichokopiwa. Hapa nalinganisha matano: shelli ya kawaida, yaani dirisha la amri linalokuja na Python yenyewe, ya matoleo ya zamani (3.12 kurudi nyuma), shelli mpya iliyoanza na toleo 3.13, IDLE, IPython na Jupyter. Sitamtangaza mshindi, kwa sababu aliyeko kwenye seva ya mbali (kompyuta inayofikiwa kwa mtandao) na aliyeko kwenye kompyuta ya shule yenye Windows 7 hawawezi kupewa jibu moja.

Vigezo, na jambo moja la kuelewa kwanza

Kwa shelli ya zamani, kupesti ni kitu kisichokuwepo. Inachokiona ni herufi zinazoingia kana kwamba zimechapwa kwenye kibodi, ila kwa kasi ambayo hakuna mchapaji anaiweza. Haijui kwamba mistari sita imekuja pamoja na inahusiana. Inasoma mstari, inauamua, ndipo inasoma unaofuata. Ni kama karani anayeandikishwa imla: ukinyamaza kidogo tu, yeye anaweka nukta na kufunga barua. Na kunyamaza kwenyewe, kwa Python, ni mstari mtupu.

Madirisha ya kisasa yana habari zaidi. Terminali za siku hizi (madirisha ya kuandikia kompyuta amri) huyazungushia maandishi yaliyopestiwa alama mbili zisizoonekana, moja ya kufungua na nyingine ya kufunga. Programu inayozielewa alama hizo hungoja hadi ya kufunga ifike, ndipo iamue la kufanya. Kwa hiyo swali kubwa la ulinganisho huu ni hili: dirisha linameza mstari kwa mstari, au linapokea fungu zima na kukuacha ulitazame kabla halijatekelezwa?

Kila dirisha nimelipima kwa mambo yale yale. *Kupokea*: linafanya nini na mstari mtupu ulio katikati, na kauli (amri kamili) zaidi ya moja kwa mkupuo, na vile vimshale `>>>` (alama ambayo Python huweka mwanzo wa mstari ikingoja amri) vilivyokopiwa pamoja na kodi. *Kurekebisha*: ukigundua kosa baada ya kupesti, unalifikiaje. *Kinachobaki*: umeme ukikatika, kazi yako iko wapi, maana laptopu nyingi za mtumba betri zake ni mapambo tu, na kompyuta za mezani za darasani hazina betri kabisa. *Mzigo*: bando la kusakinisha na nguvu ya mashine. Mwisho, linamfaa nani.

Kipande cha majaribio ni hiki. Ni hesabu ya mtu anayenunua mawese kwa madumu na kuyauza tena. Bei ni za kubuni, msinitafute sokoni.

```
def faida(madumu, kununua, kuuza):
    gharama = madumu * kununua

    mauzo = madumu * kuuza
    return mauzo - gharama
print(faida(12, 62000, 70000))
```

Jibu sahihi ni 96000. Kodi hii ni halali kabisa: iweke kwenye faili, itafanya kazi bila lalamiko. Lakini ina mitego miwili kwa anayeipesti. Kuna mstari mtupu ndani ya funksheni (fungu la kodi lenye jina, hapa `faida`), na kuna `print` iliyogandana na `return` bila mstari mtupu kati yao.

Shelli ya kawaida, toleo 3.12 na ya nyuma yake

*Kupokea.* Hiki ndicho kinachoonekana kwenye skrini, nikiacha pembeni mistari ya maelezo inayotangulia kila kosa:

```
>>> def faida(madumu, kununua, kuuza):
...     gharama = madumu * kununua
...
>>>     mauzo = madumu * kuuza
IndentationError: unexpected indent
>>>     return mauzo - gharama
IndentationError: unexpected indent
>>> print(faida(12, 62000, 70000))
None
```

Itazame taratibu. Mstari mtupu ulipofika, shelli ilihesabu kwamba funksheni imekwisha. Ikaisajili ikiwa na mstari mmoja tu tumboni. Mistari miwili iliyofuata ikaja na nafasi nne mbele yake wakati hakuna fungu lolote lililo wazi, ikakataliwa. Halafu `print` ikafika, ikaikuta funksheni iliyokatwa nusu, ikaiita, na funksheni isiyo na `return` hurudisha None. Makosa mawili yameandikwa wazi, lakini kwenye kipande cha mistari themanini hayo yanapita juu ya skrini kabla hujapepesa macho, na unachobaki nacho chini kabisa ni None iliyotulia kama jibu la kweli.

Basi utasema, nitaondoa ule mstari mtupu. Sawa, mtego wa kwanza umekwepwa, wa pili unakusubiri. Sasa `print` inafika wakati funksheni bado iko wazi, shelli inatoa `SyntaxError: invalid syntax`, na funksheni nzima inatupwa. Hapa kuna hatari inayowapiga hata wazoefu: kama mapema uliwahi kusajili funksheni yenye jina hilo hilo, ile ya zamani bado ipo. Unarekebisha hesabu, unapesti upya, inagoma, huoni kosa, unaita `faida` na inajibu. Namba unayopewa ni ya hesabu ya kabla ya marekebisho.

Dawa ni kugeuza mpangilio: ndani ya funksheni usiache mstari mtupu hata mmoja, na kila funksheni inapoisha acha mmoja. Wengine huizungushia kodi nzima `exec('''` mwanzoni na `''')` mwishoni, na hiyo inafanya kazi kwa sababu maandishi ndani ya nukuu tatu yanaruhusiwa kuwa na mistari mitupu. Inaharibika tu kodi yenyewe ikiwa na nukuu tatu za aina hiyo au mikwaju ya nyuma (`\`). Vimshale `>>>` vikikopiwa, shelli hii inavikataa papo hapo.

*Kurekebisha.* Kishale cha juu kinarudisha mstari mmoja mmoja. Funksheni ya mistari kumi ni kubonyeza mara kumi na kuomba Mungu usiruke mmoja.

*Kinachobaki.* Kwenye Linux, historia huandikwa kwenye faili la `.python_history` unapotoka kwa utaratibu. Umeme ukikatika hukutoka kwa utaratibu.

*Mzigo.* Sifuri, na hapo ndipo heshima yake ilipo. Ukishakuwa na Python unayo shelli hii, hakuna cha kupakua. Na kuna wasio na uchaguzi: toleo la mwisho linalokubali Windows 7 ni 3.8, na kompyuta za Windows 7 bado zipo kwenye madarasa na ofisi nyingi.

*Inamfaa* anayejaribu mstari mmoja au miwili, na aliyeko kwenye mashine asiyoruhusiwa kuongeza chochote. Kwa kodi ndefu zaidi ya hapo, ihifadhi kwenye faili kisha uandike `python -i mawese.py`. Faili litatekelezwa lote, halafu utaachwa kwenye vimshale na funksheni zako zote zikiwa hai. Ni njia inayopuuzwa mno, na kwa maoni yangu inaondoa nusu ya haja ya kupesti.

Shelli mpya, kuanzia 3.13

Toleo 3.13 lilitoka Oktoba 2024 likiwa na shelli iliyoandikwa upya, msingi wake ukitoka kwenye mradi wa PyPy, utekelezaji mwingine wa lugha ya Python. Vimshale ni vile vile, hivyo wengi wanaifungua bila kujua wamebadilishiwa nyumba.

*Kupokea.* Kwenye terminali ya Linux inayotuma zile alama mbili, kipande chetu kinaingia kizima. Mstari mtupu haukati kitu, `print` iliyogandana haisumbui, na ukibonyeza Enter inatoka 96000. Kwa kipande kirefu kuna kitufe maalum, F3: unakibonyeza, unapesti, unakibonyeza tena kurudi kwenye hali ya kawaida. Ukiwa kwenye Windows fanya hivyo kila mara, usitegemee bahati. Vimshale vilivyokopiwa viondoe mwenyewe kabla ya kupesti.

*Kurekebisha.* Hapa ndipo utaisikia tofauti. Kishale cha juu kinarudisha fungu zima, na unatembea ndani yake juu na chini kama kwenye daftari, unasahihisha mstari wa tatu, unatekeleza tena. Ukitaka kuikopi kodi uliyokwisha iandika, F2 inakuonyesha historia bila vimshale na bila majibu, safi, tayari kumtumia mwenzako.

*Kinachobaki* ni historia tu, kama kwa mkubwa wake. Hakuna faili la kazi ambalo umelihifadhi wewe.

*Mzigo* ni kusakinisha toleo jipya la Python. Kama kuna programu ya kazini inayotegemea toleo la zamani, weka jipya kando yake badala ya kulifuta. Na kama hukuipenda, kigeu cha mazingira (mpangilio wa mfumo wa kompyuta) kiitwacho `PYTHON_BASIC_REPL` kinairudisha ile ya kale.

*Inamfaa* karibu kila anayeanza leo kwenye mashine isiyo ya kizamani sana na ambaye hataki kusakinisha kitu cha ziada.

IDLE

Wanaosakinisha Python kwenye Windows huikuta IDLE imekuja nayo, na kwa wanafunzi wengi ndiyo sura ya kwanza ya Python.

*Kupokea.* IDLE ina ustaarabu mmoja ambao shelli ya zamani haina: ukipesti, haifanyi kitu hadi ubonyeze Enter. Unapata muda wa kutazama. Mstari mtupu ndani ya funksheni hauikati. Lakini inakubali kauli moja tu kwa mkupuo. Funksheni peke yake ni kauli moja, inapita. Funksheni pamoja na `print` ni mbili, na inakujibu `SyntaxError: multiple statements found while compiling a single statement`. Pesti funksheni kwanza, halafu `print`. Vimshale haivitaki, ingawa tangu toleo 3.10 vimshale vya dirisha lake vimewekwa kwenye ukingo wa kushoto, kwa hiyo vimeacha kukopika pamoja na kodi.

*Kurekebisha.* Siri ya IDLE iko kwenye dirisha lake la pili. Bonyeza Ctrl+N, linafunguka ukurasa mtupu wa kuandikia. Pesti humo chochote, kwa mpangilio wowote ulio halali, kisha F5. Itakuomba uhifadhi faili, itaitekeleza, na itakurudisha kwenye shelli huku vigeu (majina yanayobeba thamani) na funksheni zako zikiwa zimeshasajiliwa. Tena F5 huianzisha shelli upya kila mara, kwa hiyo lile tatizo la funksheni ya zamani kubaki hai na kukudanganya halipo kabisa. Kwa mwalimu mwenye wanafunzi thelathini, hilo peke yake lina thamani kubwa.

*Kinachobaki.* Ulichopesti kwenye shelli hupotea dirisha likifungwa. Ulichopesti kwenye ukurasa na kukipigia F5 ni faili kwenye diski, na umeme ukikatika utalikuta.

*Mzigo* ni mdogo, hakuna bando. Sura yake ni ya kizamani, na wapo watakaokucheka. Waache.

*Inamfaa* darasa, mashine dhaifu, na yeyote anayeogopa dirisha jeusi.

IPython

Ilianzishwa na Fernando Pérez mwaka 2001, na hadi leo ndiyo inayovumilia zaidi kodi iliyokopiwa ovyo.

*Kupokea.* Kipande chetu kinaingia kizima na kutoa 96000. Vimshale `>>>` na zile nukta tatu za mistari ya chini yake inavivua yenyewe. Kodi iliyokopiwa kutoka kwenye somo lenye mifano ya namna hiyo inapita bila kusafishwa. Inavumilia pia kipande kilichochotwa katikati ya funksheni, ambacho mistari yake yote imesogea nafasi nne kulia. Mahali pengine hilo ni kosa. Hapa inaisogeza kushoto na kuendelea.

Ikibidi, kuna amri mbili. `%paste` inasoma moja kwa moja kilichokopiwa na kukitekeleza. `%cpaste` inakufungulia mlango, unapesti, kisha unaandika vistari viwili `--` peke yake kwenye mstari kuashiria mwisho. Tofauti yao inajitokeza ukiwa umeingia kwenye seva ya mbali: `%paste` itatafuta kilichokopiwa kwenye ile seva iliyoko huko ng'ambo, wakati wewe umekopi kwenye laptopu yako hapa Gungu. Kwenye seva tumia `%cpaste`.

*Kurekebisha.* Kishale cha juu kinarudisha fungu zima. Kwa marefu, `%edit` inafungua kihariri.

*Kinachobaki.* Historia huandikwa kwenye hifadhidata ndogo kadiri unavyoendelea, haingoji utoke. Umeme ukirudi, kodi uliyokwisha itekeleza unaiona tena kwa `%history`, na kwa `%save` unachagua mistari na kuifanya faili. Thamani za vigeu lakini zimekwenda; utazikokotoa upya.

*Mzigo.* `pip install ipython` (pip ni kisakinishi cha Python) inahitaji intaneti na inaleta vifurushi kadhaa vya kuiwezesha. Ukiwa na marafiki wengi na bando moja, amri ya `pip download ipython` inakusanya faili zote kwenye folda, mnaweka kwenye fleshi na kila mmoja anasakinisha bila mtandao, mradi aina ya kompyuta na toleo la Python vinalingana.

*Inamfaa* anayepesti kila siku kutoka vyanzo tofauti, na anayefanya kazi kwenye seva. Kwa mwanafunzi wa wiki ya kwanza uvumilivu wake una kasoro: unamficha makosa ambayo angepaswa kuyajua mapema.

Jupyter

Jupyter ilichomoza kutoka IPython mwaka 2014. Inafunguka kwenye kivinjari, lakini inaendeshwa na kompyuta yako mwenyewe. Ukishaisakinisha haihitaji intaneti, jambo ambalo watu wengi hawaamini hadi wazime mtandao na kujaribu.

*Kupokea.* Unapesti kwenye kisanduku, unakitazama, unabonyeza Shift na Enter. Mstari mtupu, kauli nyingi, vimshale, vyote vinapita kwa sababu ndani yake kuna injini ile ile ya IPython.

*Kurekebisha* ni rahisi kupita kote: bofya, badilisha, tekeleza tena. Ila urahisi huu unazaa ugonjwa wake. Visanduku vinaweza kutekelezwa kwa mpangilio wowote, cha tano kabla ya cha pili, na kisanduku ulichokifuta kinaacha vigeu vyake hai nyuma yake. Ukurasa unaousoma kutoka juu hadi chini unaweza usifanane na kilichotokea. Kabla ya kumpa mtu kazi yako, anzisha upya injini na utekeleze visanduku vyote kwa mfuatano. Jibu likibadilika, ujue ulikuwa unaona mzimu.

*Kinachobaki* ni kingi: kodi, majibu na hata chati, vyote kwenye faili moja lenye mwisho wa `.ipynb` linalojihifadhi lenyewe kila baada ya muda mfupi. Chukua mtu mwenye rekodi za mavuno ya dagaa na migebuka ya kila usiku. Anapesti kipande cha kusoma faili, chini yake cha kuchora, na chati inabaki pale pale. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa hazifui dafu mbele ya mwezi mpevu, kwa hiyo mavuno yanashuka na kupanda kwa mzunguko wa mwezi. Hilo ukiliona kwenye mchoro, na kodi iliyouzaa iko juu yake, una kitu cha kumwonyesha mtu mwingine. Shelli haikupi hivyo.

*Mzigo* ndio bei yake. Kupakua ni kwingi kuliko IPython, na kivinjari pamoja na injini vinakula kumbukumbu. Laptopu ya GB 2 itakoroma. Google Colab inakuondolea mzigo wa kusakinisha kwa kuendesha kila kitu kwenye mashine za Google, lakini hapo bila mtandao huna kitu, na faili ulizopandisha kwenye kikao zinafutika kikao kikiisha.

*Inamfaa* mchambuzi wa takwimu, mtafiti, na mwalimu anayeandaa somo lenye maelezo na kodi pamoja.

Wenye simu tu

Kwenye Android, Pydroid 3 ina ukurasa wa kuandikia na inafanya kazi bila mtandao. Pesti kwenye ukurasa huo, usihangaike na vimshale. Termux inakupa terminali kamili. Adui kwenye simu ni kibodi inayopenda kukusahihishia, maana inaweza kuigeuza `print` kuwa `Print` bila kukuuliza.

Kodi inayofika ikiwa imeshaharibika

Kuna makosa ambayo hakuna dirisha litakuokoa nayo, kwa sababu yametokea njiani. La kwanza ni alama za nukuu. Word, na simu nyingi, hugeuza nukuu zilizonyooka kuwa zilizopinda. Kwa jicho ni kitu kimoja, kwa Python ni herufi ngeni, na matoleo ya karibuni yanakwambia wazi: `SyntaxError: invalid character '“' (U+201C)`. Ukiona U+201C au U+201D, futa nukuu zote na uzichape upya kwa mkono. Ndugu yake ni U+00A0, nafasi inayoonekana kama nafasi ya kawaida ila siyo. Mara nyingi imetoka kwenye ukurasa wa wavuti.

La pili ni PDF. Ukikopi humo, nafasi za mwanzo wa mistari mara nyingi hupotea, na Python bila nafasi hizo haijui kipi kiko ndani ya kipi. La tatu ni WhatsApp yenyewe: nyota zikizunguka neno inazifanya wino mzito, na vistari vya chini inavifanya maandishi ya kulala, kwa hiyo anayeisoma kodi kwenye skrini na kuinakili kwa mkono anakosa alama. Tuma faili la `.py` kama hati, au zungushia kodi alama tatu za mkwaju mdogo wa nyuma (```).

Na lingine si la muundo. Unapopesti kwenye dirisha linalotekeleza mstari kwa mstari, kodi imeshafanya kazi kabla hujaisoma. Kipande kutoka kwa mtu usiyemfahamu kikiwa na `os.remove` au `shutil.rmtree` (amri za kufuta faili na folda), faili zako zitakuwa zimeondoka ukiwa bado unatafuta miwani. Kodi ya namna hiyo ipesti kwanza kwenye ukurasa wa kuandikia, uisome.

Uchague lipi, kwa hali yako

Kompyuta ni ya shule au ofisi, Windows ya zamani, huruhusiwi kusakinisha: IDLE, na pesti kwenye ukurasa wa Ctrl+N, siyo kwenye shelli. Hata kama kuna shelli nyeusi pembeni, iachie hesabu za mstari mmoja.

Laptopu ni yako, ina nguvu ya wastani, unaanza kujifunza: weka Python 3.13 au mpya zaidi, zoea F3 na F2, na usikimbilie kitu kingine kwa miezi michache ya mwanzo. Utajua mwenyewe siku itakapokubana.

Unafuata masomo yenye mifano iliyojaa vimshale, au unachota vipande huku na kule: IPython itakupunguzia kazi ya kusafisha. Uko kwenye seva na IPython ipo: `%cpaste`. Uko kwenye seva na haipo, na Python yake ni ya zamani: andika faili kwa kihariri cha `nano`, pesti humo, kisha `python3 -i`.

Una takwimu za kuchora na watu wa kuwaonyesha: Jupyter kwenye mashine yako kama ina GB 4 au zaidi, Colab kama mtandao wako si wa kubahatisha.

Umeme kwenu ni wa kuja na kuondoka na betri haipo: chochote kinachoanza na faili. IDLE kwa F5, Jupyter, au kihariri cha kawaida pamoja na `python -i`.

Unafundisha: chagua dirisha moja kwa darasa zima na toleo moja la Python, hata kama kuna wanafunzi wenye mashine bora zaidi. Nusu ya maswali ya "mbona kwangu imegoma" yatakwisha siku hiyo hiyo, na yatakayobaki yatakuwa ya kodi yenyewe.